Mkojo unapobaki kibofuni: Usiuzoee mpira, uliza kuhusu upasuaji

HUENDA unaye baba, mjomba au jirani ambaye siku hizi hapendi kusafiri kwa matatu, haendi tena harusini wala matangani, na akitoka nje huvaa koti refu hata jua likiwa kali. Chini ya koti hilo kuna mfuko wa plastiki uliofungwa pajani, na mkojo huingia humo kupitia mpira mwembamba uliopenyezwa hadi ndani ya kibofu. Aliwekewa mpira huo siku aliyopelekwa hospitalini akiwa ameshindwa kabisa kwenda haja ndogo. Aliambiwa arudi kwa upasuaji. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na sasa mpira umekuwa kama kiungo cha mwili wake.

Wapo wengine ambao hata mpira hawana. Hao huenda msalani mara kwa mara, wakatoa matone machache na kurudi kitandani wakidhani kwamba huo ni uzee tu. Kumbe ni miezi mingi tangu kibofu chao kimwage mkojo wote, na figo zao zinaharibika polepole bila maumivu yoyote.

Makala haya yanawahusu wagonjwa wa aina zote mbili, na yanakuhusu pia wewe unayewatunza. Jambo muhimu la kufahamu ni kwamba mkojo kubaki kibofuni kwa muda mrefu ni ugonjwa unaotibika, na kwa wagonjwa wengi tiba yenyewe ni upasuaji. Mpira ni daraja la kumvusha mgonjwa hadi siku ya upasuaji huo. Hakuna anayejenga nyumba juu ya daraja.

Kibofu hufanyaje kazi?

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya kitovu, nyuma ya mfupa wa kinena. Figo mbili huchuja damu na kutiririsha mkojo humo kidogo kidogo. Kibofu cha mtu mzima hubeba kati ya mililita 400 na 500, yaani kiasi cha chupa ya maji ya nusu lita. Kinapojaa, ubongo hupata habari, misuli ya kibofu hujikaza, mlango wake hulegea na mkojo hutoka wote au karibu wote.

Kwa mwanamume, chini tu ya kibofu kuna tezi kibofu, ambayo wengine huiita tezi dume au prosteti. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana, tezi hii huwa na uzito wa gramu 20 hivi, na njia ya mkojo hupita katikati yake kama uzi unavyopita ndani ya shanga.

Baada ya umri wa miaka 40, tezi hii huanza kukua. Karibu nusu ya wanaume walio na umri wa kati ya miaka 51 na 60 huonekana kuwa na ukuaji huo tezi ikichunguzwa kwa hadubini. Kwa wale waliopita miaka 80, idadi hiyo hufikia wanaume 8 au 9 kati ya kila 10. Ukuaji huu si saratani, na si kila tezi iliyokua huleta matatizo. Lakini kwa baadhi ya wanaume, tezi huibana njia ya mkojo hadi kibofu kikalazimika kusukuma kwa nguvu nyingi kuliko kilivyoumbwa.

Tezi siyo sababu pekee. Wanaume vijana wanaweza kupata kovu ndani ya njia ya mkojo kutokana na kisonono ambacho hakikutibiwa vizuri, kuvunjika mfupa wa nyonga katika ajali ya gari au bodaboda, au hata mpira wa mkojo uliopenyezwa kwa nguvu. Mawe ya kibofu huweza kuziba mlango. Ugonjwa wa kisukari uliokaa miaka mingi na majeraha ya uti wa mgongo huharibu neva zinazoamrisha kibofu. Wanawake nao hupatwa, ingawa si kwa wingi, kwa mfano kizazi kinaposhuka na kukunja njia ya mkojo.

Ugonjwa usiouma

Kuna aina mbili za kuzibika. Ya kwanza ni ile ya ghafla. Mgonjwa hushindwa kabisa kukojoa, tumbo la chini likavimba na kuuma kiasi kwamba hawezi kukaa wala kusimama. Huyu hukimbizwa hospitalini usiku huo huo. Maumivu humtesa, lakini pia ndiyo yanayomwokoa.

Aina ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Mkojo hutoka, ila hautoki wote. Mwanzoni hubaki mililita 100, kisha 200, kisha 300. Madaktari huhesabu kuwa tatizo limekuwa sugu ikiwa zaidi ya mililita 300 hubaki kibofuni kila mara kwa muda wa miezi 6 au zaidi. Wapo wagonjwa wanaobeba lita moja au mbili na bado wakawa wanakwenda shambani kila asubuhi. Kibofu kinapotanuka polepole huzoea, na mwenyewe haumwi.

Basi zitambue dalili zake. Mkojo hukawia kuanza, hutoka kwa udhaifu, hukatika na kuanza tena. Mgonjwa huamka mara tatu, nne au tano usiku. Akimaliza, huhisi kwamba hajamaliza, na nguo ya ndani hubaki na matone. Anaweza kupata maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara, au kuona damu kwenye mkojo. Mshipi wa suruali humbana kwa sababu tumbo la chini limejaa, na ukiligusa ni gumu kama la mama mjamzito.

Ipo dalili moja ambayo ningependa kila familia iitilie maanani, nayo ni mzee kuanza kulowesha kitanda usiku. Watu wengi hudhani kuwa kibofu chake kimelegea kwa sababu ya umri, hivyo humnunulia karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya shuka na kunyamaza. Ukweli ni kwamba aghalabu kibofu hicho kimejaa pomoni, na kinachomwagika ni ziada tu, kama pipa la maji linalofurika. Mzee wa namna hii anahitaji daktari juma hili, wala si mwezi ujao.

Mkojo ukikosa njia ya kushuka, shinikizo hupanda juu. Mirija inayotoka kwenye figo hutanuka, figo zenyewe huvimba, na kazi ya kusafisha damu hudorora. Miguu huanza kuvimba. Hamu ya chakula hupotea. Mgonjwa huchoka, huhisi kichefuchefu, hujikuna mwili mzima, na mwishowe akili huanza kumvurugika. Kibofu kikifunguliwa mapema, figo hurudia kazi yake yote au sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kikifunguliwa kwa kuchelewa sana, mgonjwa huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine maisha yake yote.

Hatua ya kwanza ni kufungua kibofu

Mgonjwa akifika hospitalini, daktari atalipapasa tumbo na kuipima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hiki huwafanya wanaume wengi waghairi safari. Hata hivyo, huchukua chini ya dakika moja na hakina ncha wala sindano. Kisha mkojo utapimwa maambukizi, damu itapimwa ili kujua hali ya figo, na picha ya altrasaundi itaonyesha ukubwa wa tezi, kiasi cha mkojo uliobaki na kama figo zimevimba.

Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho PSA, kinachosaidia kutambua uwezekano wa saratani ya tezi kibofu. Fahamu kwamba kipimo hiki hupanda pia kibofu kinapoziba au kinapokuwa na maambukizi. Ndiyo maana daktari anaweza kungoja majuma kadhaa kabla ya kukipima, na ndiyo maana nambari iliyo juu haitoshi peke yake kumhukumu mtu kuwa ana saratani.

Baada ya hapo huwekwa mpira. Ule unaotumika sana huitwa Foley, kwa jina la daktari wa Marekani Frederic Foley aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Kwenye ncha yake kuna puto dogo linalojazwa maji likiwa ndani ya kibofu ili mpira usitoke. Kwa sababu hiyo, mpira huu hauvutwi kamwe kabla ya puto kutolewa maji. Anayeuvuta kwa hasira usiku hujiumiza vibaya.

Mgonjwa ambaye figo zake zimeathirika hapaswi kuwekewa mpira kwenye zahanati na kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Figo zilizokuwa zimebanwa zikifunguliwa, zinaweza kumwaga mkojo mwingi mno, zaidi ya mililita 200 kila saa, kwa saa nyingi mfululizo. Mgonjwa huweza kuishiwa maji na chumvi mwilini. Ndiyo sababu hulazwa, mkojo ukapimwa, damu ikapimwa, na akaongezewa maji kwa mshipa ikibidi. Mkojo unaweza pia kuwa na damu kidogo siku mbili tatu za kwanza. Mara nyingi hali hii hujirekebisha yenyewe.

Upasuaji hungoja hadi figo zitulie na maambukizi yatibiwe. Subira hii ina sababu, lakini ni subira ya majuma, wala si ya miaka.

Kwa nini mpira si tiba?

Mpira unapokaa mwilini huwa njia ya bakteria kuingilia. Baada ya mwezi mmoja, karibu kila mgonjwa mwenye mpira huwa na bakteria katika mkojo wake. Wengi hawahisi chochote, lakini siku moja homa kali na kutetemeka huanza, na bakteria hao wakiingia katika damu wanaweza kuua. Chumvi za mkojo huganda juu ya mpira na kuuziba, au kutengeneza mawe ndani ya kibofu. Njia ya mkojo nayo hupata vidonda, na vidonda vikipona huacha kovu ambalo baadaye huziba mkojo kuliko ilivyofanya tezi.

Isitoshe, mpira una muda wake. Ule wa raba wa kawaida hubadilishwa kila baada ya majuma 2 hadi 4, na ule wa silikoni unaweza kukaa hadi majuma 12. Ukijumlisha nauli, mifuko, dawa za maambukizi na siku za kazi zinazopotea, utaona kwamba kukaa na mpira kwa miaka si njia ya kuokoa pesa.

Je, vidonge? Dawa kama tamsulosin hulegeza misuli ya mlango wa kibofu, nazo finasteride na dutasteride hupunguza ukubwa wa tezi, ingawa huchukua karibu miezi 6 kabla ya faida yake kuonekana. Dawa hizi humsaidia sana mwanamume ambaye tatizo lake ni la wastani. Lakini mtu ambaye kuzibika kumekwisha kudhuru figo zake, au aliyetolewa mpira akashindwa tena kukojoa licha ya kumeza dawa, au mwenye mawe ya kibofu, anahitaji upasuaji. Kuhusu chupa za mitishamba zinazouzwa vituo vya mabasi, tatizo lake kubwa ni wakati. Mgonjwa hunywa miezi sita huku figo zikiendelea kuharibika.

Upasuaji hufanywaje?

Upasuaji unaojulikana zaidi kwa tezi iliyokua huitwa kwa kifupi TURP. Umefanywa duniani kwa takriban miaka 100 sasa, na vifaa vyake vimekuwa vikiboreshwa. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, hivyo huwa macho lakini hahisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Daktari hupitisha chombo chembamba chenye taa na waya wa umeme kupitia njia ya mkojo, akakwangua nyama ya tezi iliyoziba, kipande baada ya kipande, mpaka njia ipanuke. Hakuna mshono wowote juu ya ngozi. Kazi huchukua muda wa saa moja hadi saa moja na nusu.

Baada ya hapo mgonjwa huwekewa mpira wenye njia tatu unaoosha kibofu kwa maji ili damu isigande. Usishtuke ukiona mfuko una maji mekundu. Kwa kawaida mpira hutolewa baada ya siku moja hadi tatu, na mgonjwa huenda nyumbani akikojoa mwenyewe.

Tezi ikiwa kubwa sana, kwa mfano kupita gramu 80, au hospitali ikiwa haina chombo hicho, daktari hufanya upasuaji wa wazi. Hukata chini ya kitovu na kuichokoa nyama iliyokua kutoka ndani ya ganda lake, kama mtu anavyotoa chungwa na kuacha ganda. Daktari Peter Freyer aliupatia umaarufu upasuaji wa kupitia kibofu mjini London kuanzia mwaka wa 1900, na mwaka wa 1945 Terence Millin akatangaza njia ya kuifikia tezi bila kukipasua kibofu. Mgonjwa hukaa hospitalini siku nyingi zaidi, na mpira huwa ndani kwa takriban juma moja. Hata hivyo, matokeo yake ni mazuri na ya kudumu. Ukiambiwa kwamba wako utakuwa wa wazi, usidhani umepewa tiba duni.

Siku hizi kuna pia miale ya leza, inayotoa nyama hiyo bila damu nyingi hata tezi ikiwa kubwa. Huduma hii iko katika hospitali chache na gharama yake ni ya juu.

Kwa mgonjwa mwenye kovu, tezi haiguswi. Daktari anaweza kulikata kovu kwa kisu kidogo kupitia njia ya mkojo. Upasuaji huu ni mwepesi lakini kovu hurudi mara nyingi, hasa likiwa refu. Kama limerudi, kurudia kukata kila mwaka hakufai. Lililo bora ni upasuaji wa kuijenga upya njia hiyo, wakati mwingine kwa kutumia ngozi laini inayotolewa ndani ya shavu. Hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10, ila huhitaji daktari aliyebobea.

Je, nitabaki mwanamume?

Hili ndilo swali ambalo wanaume huja nalo kliniki na kuondoka nalo bila kuliuliza. Nalijibu hapa waziwazi.

Upasuaji wa tezi iliyokua hauhusu korodani. Hazikatwi wala kuguswa. Upo upasuaji mwingine wa kutoa korodani, ambao hufanyiwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya tezi kibofu iliyosambaa, kwa kuwa saratani hiyo hulishwa na homoni ya kiume. Watu huchanganya mambo haya mawili, na uvumi huenea kijijini kwamba fulani alikwenda hospitalini "akahasiwa".

Nguvu za kiume kwa wengi hubaki vile zilivyokuwa kabla ya upasuaji. Wachache huona zimepungua, na baadhi ya hao walikuwa na tatizo tangu mwanzo kutokana na umri, kisukari au shinikizo la damu. Kinachobadilika kwa hakika ni shahawa. Baada ya TURP, kwa wanaume takriban 7 kati ya 10, shahawa hazitoki nje wakati wa kilele bali hurudi nyuma na kuingia kibofuni, kisha zikatoka na mkojo. Raha haipotei na afya haidhuriki, lakini kumpa mke mimba kunakuwa vigumu. Kama bado unataka watoto, mwambie daktari kabla ya upasuaji.

Kuvuja mkojo majuma ya kwanza ni jambo la kawaida. Kuvuja kwa kudumu hutokea kwa mtu 1 hivi kati ya 100. Kama upasuaji wowote, kunaweza kuwa na kutokwa damu, maambukizi, au kovu baadaye. Tezi pia inaweza kukua tena baada ya miaka mingi. Daktari wako anapaswa kukueleza haya yote kabla ya kukupa karatasi ya kutia saini.

Wale ambao upasuaji hauwafai

Upasuaji hufungua njia, lakini hauwezi kuvipa nguvu misuli iliyokufa. Kibofu kilichotanuka kwa miaka mingi huweza kulegea kama puto lililopulizwa mara nyingi. Vivyo hivyo kibofu kilichoharibiwa neva na kisukari au jeraha la mgongo. Kwa wagonjwa hawa, daktari anaweza kuagiza kipimo cha nguvu za kibofu kabla ya kuamua. Na baadhi ya waliofanyiwa upasuaji hushindwa kukojoa mpira unapotolewa mara ya kwanza, wakaurudishiwa kwa majuma machache ili kibofu kipumzike, kisha wakafaulu.

Kama misuli haitafufuka, ipo njia nzuri kuliko mpira wa kudumu. Mgonjwa hufundishwa kujipitishia mpira mwembamba mwenyewe mara 4 hadi 6 kwa siku, kumwaga mkojo, kisha kuutoa. Mwaka wa 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mikono na vifaa vilivyooshwa vizuri vinatosha kwa kazi hii. Na kwa mzee dhaifu mno ambaye moyo wake hauwezi kuhimili upasuaji, mpira unaotunzwa vizuri ni uamuzi wa busara. Tofauti ni kwamba huo umekuwa uamuzi wa daktari na familia, haukutokana na kusahauliwa.

Kabla na baada

Kabla ya upasuaji, mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa zinazozuia damu kuganda kama aspirin, clopidogrel na warfarin. Usiziache mwenyewe bila ushauri. Sukari na shinikizo la damu lazima vidhibitiwe. Dawa za mafua zinazouzwa madukani na baadhi ya dawa za usingizi zinaweza kuzidisha kuzibika, hivyo usizimeze ovyo. Uliza hospitali kama jamaa watahitajika kutoa damu.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa, kisha uliza ofisi ya malipo, kabla ya kulazwa, ni kiasi gani kitalipwa na ni kipi kitabaki kwako. Hospitali kubwa za rufaa, kama ile ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret, zina madaktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Foleni inaweza kuwa ndefu. Asiyeandikisha jina hayupo hata kwenye foleni.

Baada ya upasuaji, mgonjwa anywe maji lita 2 hadi 3 kwa siku, isipokuwa kama moyo au figo zake haziruhusu. Ale matunda na mboga asije akajikamua chooni. Kwa majuma 4 hadi 6 asibebe mizigo, asipande baiskeli wala bodaboda, na asifanye tendo la ndoa. Damu kidogo inaweza kuonekana tena karibu na siku ya 10 hadi ya 14 kigaga kinapobanduka. Akipata madonge ya damu, homa, au akishindwa kukojoa, arudi hospitalini mara moja.

Nyama iliyotolewa hupelekwa kwenye maabara. Ifuatie ripoti hiyo. Na kumbuka kwamba upasuaji huu hutoa sehemu ya ndani ya tezi tu. Sehemu ya nje hubaki, nayo ndiko saratani nyingi huanzia. Kwa hivyo aliyepasuliwa aendelee kuchunguzwa, kwa kuwa saratani ya tezi kibofu ni miongoni mwa zile zinazowapata wanaume wengi zaidi nchini.

Nani atamwambia mzee?

Katika kliniki, anayeleta habari mara nyingi ni mke au binti, si mgonjwa mwenyewe. Na binti huona haya kumwuliza baba yake habari za haja ndogo. Mila zetu zina heshima zake, na hakuna haja ya kuzivunja. Mtume mtu wa rika lake, ndugu yake au mpwa anayemwamini. Mshawishi bora zaidi ni mzee mwenzake aliyekwisha kufanyiwa upasuaji na ambaye sasa analala usiku kucha.

Atakapokwenda kwa daktari, aende na maswali haya: Ni nini kilichoziba? Figo zangu zina hali gani? Ni mkojo kiasi gani unaobaki? Je, upasuaji utanifaa, na ni wa aina gani? Mpira huu ubadilishwe lini? Na tarehe ya upasuaji ni ipi?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Asitoke kliniki na jibu la "tutakuita". Tarehe iandikwe kwenye kadi yake, na jamaa mmoja apewe jukumu la kuifuatilia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya yanafichika kwa urahisi chini ya nguo, lakini figo hazijui kuficha.